Wiki moja Cape Coast, mmisionari na chepe mkononi

JUMATATU

Kwa wasiojua maisha yetu sisi wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao watu wanawaita Wamormoni, Jumatatu ndo siku ya maandalizi, wenyewe tunaiita pidei, siku pekee ambayo mmisionari anavua tai akavaa tishati mpaka saa kumi na mbili jioni, ikigonga hapo tai inarudi shingoni na kazi inaendelea. Asubuhi yote imeishia kwenye beseni. Kufua mashati meupe kwa mkono msimu wa mvua pwani ya Ghana ni mtihani, unaanika wingu linakuja, unaanua jua linatoka, unaanika tena, mwenzangu ambaye ni Mnigeria keshauzoea mchezo huo akaanika zake ndani kwenye kamba ya korido na akalala zake.

Nikisema mwenzangu namaanisha mmisionari niliyepangiwa kukaa naye, maana kwetu hakuna kutembea peke yako, popote ulipo yeye awe anakuona na kukusikia. Hukumchagua, yeye hakukuchagua, mnaamka wote saa kumi na mbili na nusu, mnasali, mnasoma, mnatoka, mnarudi, na baada ya wiki kadhaa unajua mpaka anavyokohoa akiwa na wasiwasi. Wavulana tunatumikia miaka miwili, dada zetu mwaka mmoja na nusu, na hakuna anayelipwa mshahara.

Mchana tukaenda na wamisionari wengine wa wilaya yetu, yaani kikundi chetu cha wamisionari wa maeneo ya jirani, kwenye ngome, Cape Coast Castle. Nilikuwa nimeipita kwa nje mara nyingi tu, jengo jeupe kubwa limekaa juu ya miamba linatazama bahari. Waswidi walianza kujenga pale mwaka 1653, baadaye ikaangukia mikononi mwa Waingereza, na kwa miaka mingi watu walikusanywa humo kabla ya kupakiwa kwenye meli kwenda Amerika na visiwa vya Karibi. Unashuka kwenye handaki la wanaume, sakafu inateremka, mwanga unaingia kupitia vitundu vidogo huko juu karibu na dari, hewa nzito, na sisi tulikuwa watu wachache tu mle. Sasa fikiria mamia.

Lakini kilichonikaa si handaki lenyewe. Mwongozaji alipotutoa nje akatuonyesha kwamba juu ya handaki lile lile la wanaume palikuwa na kanisa. Yaani watu wanaimba zaburi juu, na chini ya miguu yao wako watu kwenye minyororo. Nilisimama pale uani karibu na kaburi la Philip Quaque, Mfante wa hapa hapa aliyepewa upadri wa Kianglikana mwaka 1765, Mwafrika wa kwanza kuupata, akarudi akahudumu ndani ya ngome hii miaka mingi mpaka alipofariki 1816, na nikawaza siku zake zilikuwaje, Jumapili anafungua Biblia huku anajua kabisa nini kiko chini. Mimi nimekuja nchi ya watu kuhubiri. Nilijiambia dini inayokaa ghorofani wakati watu wako chini hainihusu, na kama kuna kitu nitaomba kwa Mungu wiki hii ni kazi ya kushuka.

Mlango unaoitwa Mlango wa Kutorudi unatokea moja kwa moja ufukweni. Ukitoka tu unakutana na mitumbwi ya wavuvi, rangi nyekundu na kijani na njano, bendera juu, nyavu zimetandazwa, watoto wanapiga mpira, kina mama wana mabeseni ya samaki kichwani, maisha yamejaa tele. Kwa upande wa nje mlango huo huo umeandikwa Mlango wa Kurudi.

Jioni videokoli na nyumbani. Mpaka mwanzoni mwa 2019 mmisionari alikuwa anapiga simu Krismasi na Siku ya Mama basi, sasa ni kila wiki, na mama yangu haikosi hata akiwa safarini. Huko kwetu wako mbele kwa masaa matatu kwa hiyo yeye keshavaa khanga ya kulalia mi bado naona jua. Mwanangu unakula? Nakula mama. Unakula nini? Banku mama, na samaki. Hiyo banku ndo nini tena? Nikamweleza ni unga wa mahindi na muhogo uliochachuliwa ukasongwa, akanyamaza kidogo akasema haya, ila kunywa maji ya kutosha.

JUMANNE

Jumanne Wafante hawaendi baharini. Ni mwiko wa zamani, siku hiyo bahari inapumzika, kwa hiyo ufukwe wote umejaa wanaume wamekaa mchangani wanashona nyavu, na kwa mmisionari hii ndo siku ya kuwakuta watu wametulia.

Sisi tulikuwa na miadi na mama mmoja mkaanga samaki, au niseme mkausha samaki kwa moshi, mjane, anaishi nyumba za nyuma karibu na ufukwe. Tulikutana naye wiki iliyopita tukimsaidia kubeba kuni, akatuambia mapema kabisa kwamba yeye ni Mmethodisti, mama yake alikuwa Mmethodisti, bibi yake Mmethodisti, na atazikwa Mmethodisti, kwa hiyo tusipoteze vitabu vyetu. Umethodisti uliingia mji huu mwaka 1835, una mizizi hapa, huwezi kushangaa. Tukamwambia sawa mama, na lile tanuri vipi? Manake tuliliona, mvua imelila upande mmoja.

Tanuri lenyewe ni lile la Chorkor, limepata jina kutoka mtaa wa wavuvi kule Accra lilikotengenezwa, na sasa limeenea pwani yote. Ni boksi la udongo la mstatili, mbele lina midomo miwili ya kuingizia kuni, juu halina kifuniko. Samaki wanapangwa kwenye trei za mbao zenye wavu wa waya chini, trei zinapandishwa moja juu ya nyingine kwa wingi, na hizo trei zikikaa pamoja ndo zinakuwa bomba la moshi lenyewe. Moshi unapanda katikati yao na mama anabadilisha tu mpangilio, ya chini anaipeleka juu, ya juu anaileta chini, mpaka samaki wote wameiva sawa. Ukiangalia unaona aliyebuni kitu hiki alikaa na wanawake wenyewe akawasikiliza.

Shida ni kwamba ukingo wa juu wa tanuri lazima uwe sawasawa. Ukiwa na bonde mahali, trei inakaa upande, moshi unatoka kwenye uwazi, samaki wa pembeni wanabaki wabichi na kuni zinaliwa bure. Tanuri la mama lilikuwa limebomoka kona nzima. Fundi mmoja mzee jirani yake alikuja kutuelekeza. Tulikanyaga udongo wa mfinyanzi na mchanga na majani makavu yaliyokatwa katwa, suruali zimekunjwa mpaka magotini, alafu tukaanza kujenga kwa viganja, tonge kwa tonge, unabandika unakandamiza kwa dole gumba mpaka linaingia kwenye ufa wa zamani na kushikana nao, ukiweka juu juu tu likikauka linabanduka lote. Mzee alikuwa anapita na kidole kilicholoweshwa maji kila nilipomaliza, anasikilizia, akikuta pameinuka ananigusa bega ananionyesha bila kusema neno. Mwisho akafunga uzi toka kona mpaka kona, tukashusha pale palipozidi, tukajaza palipopungua, akaweka trei moja tupu juu yake akaitikisa. Haikucheza.

Kila anayepita anatupigia kelele ayekoo, salamu ya mtu aliye kazini, na watoto wamejipanga wanaita Elda! Elda! (ndo tunavyoitwa wamisionari wanaume) wanataka na wao kukanyaga udongo. Tukawaachia.

Mama alileta kenkey imefungwa kwenye majani na samaki na pilipili, tukanawa, tukala kwa mkono wa kulia, alafu akaniuliza, kwa kiingereza chake cha taratibu, sasa mnataka nini kwangu? Nikamwambia hatutaki kitu mama. Akanitazama sana. Naelewa, watu wamezoea kwamba mgeni akikusaidia ana kitu mfukoni. Na mimi nalisema hili hata kwa wamisionari wenzangu, ukimtengenezea mtu tanuri ili akusikilize, hiyo umefanya biashara, umemuuzia udongo kwa bei ya masikio yake. Jenga tanuri kwa sababu samaki wake wanaoza. Akitaka kusikia habari zako atakuuliza mwenyewe, na asipouliza bado samaki wamepona na watoto wake wamekula.

Fundi kasema lisiwashwe moto mapema, likauke polepole kwa hewa, na lifunikwe na turubai mvua ikija. Tukafunika.

JUMATANO

Asubuhi baraza la wilaya, tumekaa wamisionari wa maeneo ya jirani kwenye darasa moja la kanisani tunaongelea watu tunaowafundisha na mahitaji yao, nani anaumwa, nani kakosa kazi, nani hajaonekana. Lilienda vizuri na sina mengi.

Jioni ndo palikuwa na mambo. Kijana mmoja mwanafunzi wa chuo kikuu cha Cape Coast alitualika hosteli kwao, tulidhani tunaenda kufundisha kumbe yeye ndo kajiandaa. Kasoma. Akauliza bila kuzunguka, nyinyi wawili ni weusi, kanisa lenu liliwanyima weusi ukuhani mpaka 1978, mnavaaje hiyo beji?

Mwenzangu akanitazama, mi nikamwambia ni kweli. Ni kweli kabisa, wanaume wenye asili ya Kiafrika hawakuruhusiwa kupewa ukuhani, yaani mamlaka ya kufanya ibada takatifu, kwa zaidi ya miaka mia moja, na familia zao hazikuingia kwenye ibada za hekaluni, mpaka Juni 1978 wakati Rais wa kanisa, Spencer W. Kimball, alipotangaza ufunuo wa kufungua mlango. Na zile sababu watu walizokuwa wanazitoa zamani, za laana na nini, kanisa lenyewe liliandika mwaka 2013 kwamba halizikubali. Nikamwambia mimi swali hili nimelipeleka kwa Mungu kwa magoti kabla ya kukubali wito, sikulipita pembeni. Imani yangu iko kwa Yesu Kristo, na nilichokisoma kwenye Kitabu cha Mormoni, maandiko yetu pamoja na Biblia, kilinishika moyo, pale nabii Nefi anaposema kwamba wote ni sawa mbele za Mungu, weusi na weupe, wafungwa na walio huru. Hilo andiko lilikuwepo kitabuni miaka yote hiyo. Wanadamu ndo walichelewa kulifikia.

Kijana akasema jibu hilo halimtoshi. Nikamwambia sawa, halitakiwi likutoshe leo. Tukaendelea kuongea mpaka muda wetu wa kurudi ukafika, akatusindikiza mpaka barabarani, akatusimamishia trotro, daladala ya huku, yeye mwenyewe, akamwambia konda hawa ni rafiki zangu. Njiani mwenzangu akaniambia kitu ambacho sitakiandika hapa, ila nikajua kumbe na yeye amelibeba swali lile lile tangu kwao.

ALHAMISI

Mvua. Imenyesha tangu usiku, Cape Coast imejengwa kwenye vilima kwa hiyo maji yote yanatafuta bahari na njiani yanapita kwenye vyumba vya watu. Saa moja asubuhi simu imeita, bibi mmoja muumini wa kata yetu, yaani kusanyiko letu la kanisa, maji yanaingia kwake kwa mlango wa nyuma. Tukaacha vitabu mezani, tukachukua chepe na sururu kwa jirani, viatu vya kazi, tukaenda.

Kazi ilikuwa kuchimba mtaro nyuma ya nyumba ili maji yakate kona kabla ya kufika ukutani. Udongo mwekundu, mzito, ukiutupa unarudi. Vijana wawili wa mtaani wakatuona wakaja na machepe yao, sijui hata dini yao, tukafanya zamu, huku ndani kina dada wa Muungano wa Usaidizi, chama cha wanawake wa kanisa letu, wakichota maji kwa ndoo na kukausha sakafu na kuinua magodoro juu ya meza. Kama saa nne hivi maji yakageuka. Unayaona kabisa, yanafika kwenye kona ya mtaro, yanasita, yanapinda, yanaondoka. Bibi alikuwa amekaa kibarazani kwenye kiti amejifunika kitenge akayaona na yeye akapiga makofi.

Alafu akatukalisha. Na hapa naomba nikae kidogo maana ndo kitu ambacho nimekuja kujua Ghana na sikukijua kabla.

Sisi wamisionari tukifika mahali tunajiona tumeleta kanisa. Hapa Cape Coast hakuna mmisionari aliyeleta kanisa. Mwaka 1964 Mghana mmoja, Joseph William Billy Johnson, alipata Kitabu cha Mormoni, akakisoma, akakiamini, akaanza kuhubiri mitaani kwa nguvu zake mwenyewe. Akakusanya makutaniko. Akaandika barua Salt Lake City, makao makuu ya kanisa kule Marekani, kuomba wamisionari waje wawabatize, akajibiwa wakati bado, endeleeni kusoma na kuwa waaminifu. Wakangoja miaka kumi na nne. Watu wanaimba, wanafunga, wanasali, wanasoma kitabu, hawana ubatizo, hawana sakramenti, hawana barua ya kuwatambua, na kanisa lenyewe wanalolipenda bado halijawafungulia mlango kamili. Kisha Juni 1978 usiku Johnson amechoka, anafungua redio, BBC, anasikia tangazo. Alisimulia mwenyewe kwamba alilia. Desemba mwaka huo huo wakaja wazee wawili kutoka Marekani, Rendell Mabey na Edwin Cannon, wakakuta watu wako tayari siku nyingi, wakaanza kuwabatiza baharini. Bahari hii hii.

Bibi alikuwa binti kwenye moja ya makutaniko yale. Anasema yeye alichokumbuka zaidi ni kungoja, jinsi walivyozoea kungoja mpaka kukawa ndo sehemu ya ibada. Nikamuuliza bibi hamkukata tamaa? Akasema wapo waliokata, wakaondoka, hatuwalaumu, wengine tukabaki kwa sababu tulichokipata kwenye maombi hakikusubiri barua.

Akaendelea mpaka 1989. Juni 14 mwaka huo serikali ilitangaza kusimamisha shughuli za kanisa, wamisionari wa kigeni wakatakiwa kuondoka nchini, majengo yakafungwa. Waghana wanakiita kipindi hicho kwa kiingereza Freeze, yaani kuganda. Hawakuruhusiwa kukusanyika kanisani, ila kila familia ingeweza kusali nyumbani kwake, basi sakramenti ikahamia sebuleni, baba anabariki mkate na maji, mama na watoto wanapokea, mapazia yamefungwa. Karibu mwaka na nusu. Marufuku ilipoondolewa mwishoni mwa Novemba 1990 watu walirudi kanisani wakakuta waliobaki wako imara, na mwaka uliofuata, Aprili 1991, Cape Coast ikawa kigingi, yaani muungano wa makusanyiko kadhaa. Januari 2004 hekalu la Accra likawekwa wakfu na Rais wa kanisa wakati huo, Gordon B. Hinckley, na bibi alipanda gari alfajiri kwenda. Alivyokuwa anasimulia hiyo ya hekalu alikuwa anapapasa goti lake kwa kiganja, polepole, mbele na nyuma, na hakuwa anatuangalia sisi.

Mi nimekaa pale na matope mpaka kwenye masikio, nina beji kifuani yenye jina la Yesu Kristo, na huyu bibi kashika imani hii kabla mama yangu hajazaliwa. Nimfundishe nini? Nilichoweza kumpa ni mtaro. Na nasema hili kwa moyo wote, ulikuwa ni heshima kuuchimba.

IJUMAA

Mwili mzima unauma, viganja vimetoka malengelenge. Tumefanya mpango wa wiki, tumefagia nyumba, mwenzangu kichwa kinamuuma tukabaki ndani mchana nikapika wali na maharage. Jioni mtu mmoja aliyetakiwa kufundishwa hakutokea, wa pili akatokea na ndugu zake wote, tukafundisha Neno la Hekima, kwa nini hatunywi pombe wala kahawa wala chai wala hatuvuti sigara, mjomba wake akauliza na chai pia? Pia. Akacheka sana akasema basi yeye abaki kuwa msikilizaji. Tukalala saa nne na nusu, sikumbuki hata kuzima taa.

JUMAMOSI

Jumamosi ya kwanza ya mwezi Ghana ina Siku ya Usafi ya Taifa, ilianzishwa Novemba 2014, na kata yetu iliamua kushiriki na mtaa mzima, kwa hiyo alfajiri tumejipanga na zile fulana za njano za kujitolea, glavu, gambuti kwa waliobahatika, reki, machepe na matoroli mawili ambayo moja gurudumu lake linalia njia nzima.

Mtaa huu mitaro yake iko wazi pembeni ya barabara na imejaa. Sehemu kubwa ya kinachoziba ni vile vipakiti vya maji ya kunywa, nusu lita kila kimoja, mtu anang'ata kona anakunywa anatupa, jua linavikausha mvua inavisukuma, vinashikana chini ya daraja dogo pamoja na mchanga na nywele za saluni na maganda ya muhogo mpaka inakuwa ukuta. Unasikia chepe linagonga unadhani jiwe kumbe ni plastiki zilizobanana miaka. Nilishuka ndani ya mtaro nikawa navuta kwa mikono, kipande kimoja kilitoka kizima, kirefu kuliko mguu wangu, matabaka kwa matabaka, na nyuma yake maji meusi yakaja yote kwa mara moja, harufu ile sitaisahau, na watu waliosimama juu wakashangilia.

Hili si suala la harufu tu. Juni 3, 2015 Accra ilipigwa na mafuriko, watu wakakimbilia kujikinga kwenye kituo cha mafuta, kikalipuka, wakafa zaidi ya 150. Kila Mghana anaijua tarehe hiyo. Mzee mmoja wa mtaa alikuwa anatuambia, kila ukiona mtaro umeziba usione uchafu, ona watu wamesimama kwenye mvua hawana pa kwenda.

Imamu wa msikiti wa jirani alileta vijana wake. Wapentekoste wakaja baada ya mazoezi ya kwaya. Na kama saa tatu hivi nani anatokea, yule kijana wa hosteli, kavaa ndala, kaja kwa trotro, anauliza tu nianzie wapi. Nikampa reki. Hatukuongea dini hata kidogo, tuliongea mpira, na yeye anashabikia timu ambayo kwa kweli simuelewi. Saa sita tulikuwa tumefungua mtaro wote mpaka unapokatiza barabara kubwa, viroba vimepangwa pembeni vinasubiri gari la manispaa.

Angalizo langu kwa wanaopanga shughuli hizi popote, pangeni gari la taka kabla ya kupanga fulana. Uchafu ukitolewa mtaroni ukaachwa pembeni, mvua moja tu unarudi wote ndani na kazi yenu imekuwa picha. Kiongozi wetu wa kata alilijua hilo, alifuatilia gari wiki nzima, na lilikuja.

JUMAPILI

Jumapili ya mfungo. Tunaacha milo miwili, hatunywi hata maji, na pesa ambayo ingenunua chakula hicho inatolewa kwa ajili ya wenye shida, na ndo pesa hiyo itakayonunulia bibi godoro jipya maana moja lilishaloa, askofu kaniambia niache wasiwasi.

Ibada ni masaa mawili siku hizi tangu 2019, saa la kwanza sakramenti. Mashemasi ni watoto wa miaka kumi na mbili kumi na tatu, mashati meupe yamewazidi, wanapitisha trei za mkate na maji benchi kwa benchi, na mwaka 1977 hakuna hata mmoja wao angeruhusiwa kufanya hivyo. Nilikuwa nawaangalia tu. Baada ya sakramenti yeyote anayetaka anasimama kutoa ushuhuda. Bibi alisimama, akasema kwa Kifante, mtu wa pembeni akanitafsiria kidogo kidogo, alimshukuru Mungu kwa nyumba kavu na kwa vijana wawili wa mtaani ambao hakujua majina yao, akaomba kama kuna anayewajua awaambie waje kwake wale. Kumbe mtoto wa mtu mmoja kanisani anawajua. Watapelekewa ujumbe.

Mimi pia nilisimama. Nilisema kwa kifupi kwamba namjua Mwokozi ni nani, na kwamba wiki hii nimemuona kwenye mikono ya watu wa Oguaa, ndo Cape Coast kwa jina la wenyeji, kuliko nilivyomuona kwenye maneno yangu. Nikakaa, magoti yanatetemeka, mwenzangu akanipiga kofi dogo la mgongo.

Jioni tumefungua mfungo kwa familia moja, fufu na supu ya mawese, fufu haitafunwi inamezwa na sasa nimeshaizoea. Tulipotoka tukapita kwa mama wa samaki kumsalimia tu na kuangalia turubai. Udongo umekauka vizuri, kuna nyufa mbili ndogo upande wa mdomo wa kushoto, fundi kasema zizibwe kwa udongo mwepesi kabla ya moto wa kwanza. Mama kasema Jumanne twende mapema kwa sababu anataka kuongeza tanuri la pili pembeni, dada yake anahamia, na udongo keshaagiza. Mwenzangu kaandika kwenye daftari la mpango: Jumanne, saa mbili, tanuri, tubebe uzi wetu na ndoo mbili, tumpigie kijana wa hosteli kama hana kipindi.